Ni Nani Aliyemfikisha Mkunde kwenye Ngoma?

Sogeeni karibu, na mwenye karanga mdomoni amalize kutafuna, maana mwisho wa hadithi hii nitauliza swali na sitaki kujibiwa na mdomo uliojaa. Sitaki pia mtu aniambie "sijui". Hadithi zangu nyingine mnasikiliza bure. Hii mtailipia kwa kuamua.

Walikuwapo watu watatu katika kijiji cha Mrindi, juu milimani, kila mmoja na kipaji chake.

Wa kwanza ni Bi Mwanaidi, fundi cherehani. Kipaji chake kilikuwa macho. Akishakupima mara moja, mabega yako na kiuno chako vinabaki kichwani mwake mpaka uzeeke. Ukinenepa anakwambia kabla nguo haijakubana. Ukikonda anakuuliza ni nani kakuudhi. Kunyamaza hakujua kabisa, na watu walishona kwake huku wakimwogopa.

Wa pili ni Shangazi Nanzia. Alikuwa mtu mzima wa miaka mingi, lakini ukisimama naye kichwa chake hakikufiki kifuani. Kipaji chake kilikuwa ulimi. Mwanamume mwenye mabega mapana alipita mbali na nyumba yake ili asitupiwe neno moja likamharibia wiki. Alikuwa na kitu kingine pia, ndani ya damu yake, ila hicho hata yeye mwenyewe hakukijua. Nitakifikia.

Wa tatu ni Msengi, fundi mwashi, mtu wa kuja kutoka Iramba. Kipaji chake kilikuwa kutochoka. Hakuwa mwepesi wala hodari wa maneno, lakini akianza msingi leo, utamkuta pale kesho, na keshokutwa, mpaka bati la mwisho lipigiliwe.

Katikati yao alikuwapo mtoto, Mkunde. Baba yake mzazi, kaka yake Nanzia, alifariki mtoto akiwa bado anabebwa. Mama akaolewa na Msengi, kisha naye akafariki. Msengi akabaki na mtoto asiye wa damu yake. Nanzia akaja kumchukua.

"Mtoto wa kaka yangu halelewi na mgeni," akasema.

"Mgeni gani?" Msengi akamjibu. "Huyu ananiita baba."

Waligombana mpaka majirani wakaleta viti. Mwishowe mtoto akaulizwa, naye akamshika Msengi suruali. Tangu siku hiyo wakubwa hao wawili wakawa wakikutana njiani wanasalimiana kwa kukohoa tu.

Sasa niwaambie habari ya ngoma, maana bila ngoma hakuna hadithi. Ukoo wa Mkunde ulikuwa na ngoma ndefu ya kusimama, jina lake Ngurumo, iliyofungua sikukuu ya mavuno. Sheria yake ilikuwa moja. Mpigaji anasimama peku juu ya udongo, bila kigoda, na kiwiko chake lazima kivuke ngozi ya ngoma. Kisipovuka, uwe fundi kiasi gani, unarudi ukakae. Mzee Sebughe, aliyekuwa akiipiga wakati huo, alikuwa na mabega yaliyochoka, na kila mavuno aliomba Mungu ampe mwaka mmoja tu. Na yalikuwapo makubaliano ya zamani: ukoo huo ukikosa mpigaji, Ngurumo inavuka mto na kwenda kwa ukoo wa ng'ambo, na hairudi tena.

Watoto wengi wa ukoo walishahamia mijini. Waliobaki walipiga ngoma kama watu wanaofukuza nyani shambani. Ila Mkunde! Mtoto yule alijifunza mwenyewe kwa kupiga madebe nyuma ya nyumba, na siku Mzee Sebughe alipomsikia, alikaa chini kwenye majani mabichi akafuta macho kwa kofia yake. "Mpigaji tumempata," akasema.

Mpigaji walimpata, kimo hakikuwapo. Mkunde alikuwa na miaka kumi na mmoja na mwili wa mtoto wa miaka sita, mashavu ya mviringo na sauti nyembamba. Kila mavuno alisogezwa kwenye ngoma apimwe, na kila mavuno kiwiko chake kiliishia kwenye tumbo la Ngurumo, pale pale kilipoishia mwaka uliotangulia.

Unadhani walishtuka? Hata kidogo. "Amefuata damu ya shangazi yake," wakasema, wakaenda kula. Na kwa kuwa lilikuwa neno la kweli, hakuna aliyelichunguza zaidi. Hilo ndilo kosa la watu wa Mrindi. Wakishajua jambo limetoka wapi, wanadhani wameshajua litaishia wapi.

Masuluhisho waliyotafuta yalikuwa ya kuchekesha. Mzee mmoja alitaka Ngurumo ichimbiwe shimo ishuke kidogo, Mzee Sebughe akamuuliza kama anataka pia iwekewe matanga. Msengi naye, mwashi wa watu, alipigilia boriti kati ya nguzo mbili na kumning'iniza mtoto kila asubuhi ili arefuke, kisha akampima kwa timazi, ile kamba yake ya kunyooshea kuta. Mtoto hakurefuka. Alipata mikono yenye nguvu ajabu, lakini kiwiko kilibaki palepale.

Sikilizeni sasa kazi ya Bi Mwanaidi.

Shule zilikuwa karibu kufunguliwa. Msengi akapeleka kwake sketi ya Mkunde iwekwe kiraka nyuma. Bi Mwanaidi akaigeuza, akautazama upindo wake.

"Fundi mwenzangu, sketi hii nilimshonea lini?"

"Zamani kidogo."

"Nilimwachia upindo mkubwa wa kuteremsha akikua. Tazama. Kitambaa kimechakaa mpaka kinaonyesha upande wa pili, na upindo haujaguswa."

"Si ni mfupi, Bi Mwanaidi? Amefuata shangazi yake."

"Nimeshonea watu wafupi maisha yangu yote! Mtoto mfupi anakua kidogo kidogo. Huyu hakui kidogo, huyu amesimama." Kisha, mbele ya wateja wote, akapaza sauti. "Msengi, hebu sema kweli, unamlisha nini mtoto wa watu?"

Msengi alihisi uso unawaka. Mtu aliyejinyima nyama ili mtoto ale anaulizwa swali hilo mbele ya kadamnasi! "Kesho nampeleka hospitali," akafoka, "daktari akwambie mwenyewe kama ana njaa!"

"Mpeleke! Na usiporudi na jibu, nguo zako ukashone kwingine!"

Basi safari ya hospitali ilianza kwa hasira. Bila hasira ile, nawaapia, sketi ingepata kiraka na hadithi ingeishia hapo.

Huko bondeni waliingia kwa Dakta Lyatuu, kijana mpole anayefikiri huku akigonga kalamu mezani. Akampima Mkunde, akachukua damu, akampiga picha ya mifupa ya mkono. Kisha akasema, "Mtoto wako anakula vizuri."

"Naomba uniandikie hilo," Msengi akasema upesi. "Kuna mtu nataka akalisome."

Daktari akacheka, kisha akauliza, "Kazi yako ni nini, mzee?"

"Mwashi."

"Kwenye jengo, nani anawaambia mafundi wapandishe ukuta?"

"Msimamizi."

"Na yeye anajuaje?"

"Ana ramani."

"Basi mfupa nao hujengwa hivyo. Kwenye ncha za mifupa mirefu ya mtoto kuna gegedu laini, kama lile la sikioni. Hapo ndipo mafundi walipo. Wanaongeza gegedu, gegedu linakomaa kuwa mfupa, mtoto anarefuka. Lakini hawaanzi bila kuambiwa. Chini ya ubongo kuna tezi ndogo kama njegere, ndiyo msimamizi. Inatoa homoni ya ukuaji, homoni inasafiri na damu mpaka kwenye ini, na ini nalo linatuma mjumbe wake kwenye ncha za mifupa: haya, jengeni! Kwa Mkunde mafundi wapo wazima, wamekalia tofali wanangoja. Agizo haliwafikii."

Msengi akafikiri. "Na ramani je? Ramani ikikosewa, msimamizi naye atakosea."

Daktari akaacha kugonga kalamu. "Hapo ndipo nilipokwama, mzee. Ramani ni jeni, maagizo aliyozaliwa nayo. Huenda jeni lake la kutengeneza homoni hiyo lina kosa. Huenda pia kuna kitu kingine kinachobana tezi. Dawa ipo, ni homoni yenyewe, ya sindano. Lakini ni adimu, inatoka mbali, na wanaoigawa hawaitoi mpaka wajue chanzo."

"Tuna muda?"

"Kidogo. Mifupa yake ni michanga kuliko umri wake, hiyo ni bahati. Lakini homoni za utu uzima zitakuja, na kazi yao mojawapo ni kuligeuza lile gegedu lote kuwa mfupa. Likishakwisha, umpe dawa ya dunia nzima, haongezeki tena." Akamtazama. "Kwenye ukoo wake kuna mtu mwingine mwenye kimo kama hiki?"

Msengi akakohoa.

Na hii ndiyo kazi ya Shangazi Nanzia.

Msengi alimkuta uani anapepeta maharage. Akamweleza yote akiwa amesimama, kwa kuwa hakukaribishwa kiti. Nanzia akaendelea kupepeta mpaka Msengi alipomaliza.

"Mara ya mwisho kupimwa nilikuwa na umri wake," akasema. "Mbele ya Ngurumo. Hukuwapo wewe, wala hawatakusimulia. Nilikuwa na mikono, Msengi. Sebughe alikuwa hanifikii hata robo. Wakanisogeza kwenye ngoma, kiwiko kikagoma, watu wakacheka mpaka wali ukaungua jikoni. Nikaapa kwamba hakuna atakayeniwekea kipimo tena. Leo wewe uniambie nikavuliwe viatu mbele ya vijana wenye makoti meupe?"

Ulimi ule ulikuwa umeanza kuchemka, na Msengi alijua matusi yanakuja. Lakini hakubishana.

"Mimi sina damu ya kumpa, dada," akasema. "Ningekuwa nayo ningeitoa yote. Wewe unayo."

Ungo ukatulia. Nanzia alimtazama mtu huyu aliyemwita mgeni, akaona macho yake mekundu, na kwa mara ya kwanza maishani akakosa neno la kumtupia mtu.

"Subiri nivae viatu," akasema.

Hospitalini walimpima, wakampiga picha. Alipoona mifupa ya mkono wake mwenyewe inang'aa kwenye kioo, akauliza kwa sauti ambayo hakuna mtu wa Mrindi aliyewahi kuisikia, "Na mimi, daktari? Kwangu bado pana nafasi?"

"Hapana, mama. Ncha za mifupa yako zilifunga zamani."

Nitawaambia wazi, iliuma. Mtu ameishi miaka yote akiamini aliumbwa vibaya, kumbe ni agizo moja tu halikufika, na siku anayoambiwa kulikuwa na dawa ndiyo siku anayoambiwa amechelewa. Alilia kidogo, akajifuta kwa upande wa khanga, akanyoosha mkono.

"Chukueni damu. Na hiyo chupa ni ndogo, leteni nyingine."

Damu yake na ya Mkunde zikapelekwa mjini kusomwa. Jibu likaja: kosa lile lile, kwenye jeni lile lile, kwa wote wawili. Bila shaka marehemu kaka yake alikuwa nalo pia, ila yeye lilimpunguza kidogo tu, kwa kuwa kosa moja haliwakai watu wote sawasawa. Kumbe watu wa Mrindi walikuwa sahihi kwamba ni damu. Na sasa, kwa kuwa ilikuwa ni damu, chanzo kikajulikana, na dawa ikaja.

Imebaki kazi ya Msengi. Hii haina kelele, kwa hiyo nisikilizeni vizuri.

Sindano ilikuwa ya kila jioni. Mtu anayebeba jiwe begani kama mto wa kulalia alishika kile kisindano cha chuma chembamba kama anashika yai. Akafanya mazoezi kwenye chungwa mpaka muuguzi wa zahanati akamwambia aache, machungwa yamekwisha. Dawa ilitaka baridi, na friji lilikuwa zahanati tu, juu ya kilima, kwa hiyo kila jioni alimchukua mtoto wakapanda. Mvua ilinyesha, wakapanda. Umeme ulikatika, akateremka bondeni kutafuta barafu akaifunga dawa ndani ya ndoo ya maranda. Aliitwa kwenda kujenga shule kubwa mbali, kazi ambayo kila mwashi anaiota, akaikataa kwa kuwa isingemrudisha nyumbani jioni.

Mkunde naye alikuwa mtoto. Jioni nyingine alijificha chini ya kitanda.

"Leo turuke, Baba. Leo tu."

"Nikiruka tofali moja katikati ya ukuta, utalala ndani ya hiyo nyumba?"

"Hapana."

"Basi toka huko."

Wakapanda kilima. Miaka ikapita hivyo, jioni baada ya jioni, na hakuna aliyepiga makofi.

Siku moja Mkunde akapelekwa dukani kwa Bi Mwanaidi, sketi imemfika juu ya magoti. Bi Mwanaidi akachukua mkasi, akafumua upindo uliokaa miaka yote bila kuguswa, akauteremsha, na bado haukutosha. Alitupa mkasi akatoka nje akipiga vigelegele, wateja wakadhani ameozesha binti.

Yakaja mavuno ambayo Mzee Sebughe hakuweza kuinua mikono. Watu wa ng'ambo walifika mapema, tena walifika na kamba na miti ya kubebea, wamevaa nguo mpya, wanatabasamu kwa adabu kama wageni wa mahari. Mmoja alikuwa ameshaanza kupima unene wa Ngurumo kwa mikono aone wataifungaje.

Mkunde akapita katikati yao. Alikuwa binti sasa, mwembamba, mabega wima. Akavua viatu, akasimama juu ya udongo, akapinda mkono. Wazee wawili wa ng'ambo walipiga magoti kukagua visigino vyake, wakahakikisha havijainuka, mmoja akapitisha hata ukucha chini yake. Kisha wakainua macho.

Kiwiko kilikuwa juu ya ngozi. Kimevuka! Nawaambia kilivuka, na nafasi ikabaki ya kupitisha ngumi!

Mkunde akapiga. Kwanza taratibu, kisha Ngurumo ikafunguka mdomo. Watu walilia, watu walicheza, Mzee Sebughe alirukaruka kama mtu asiyejua mabega ni kitu gani. Shangazi Nanzia alisimama mbele kabisa, mikono yake miwili midogo ikipiga hewani pigo kwa pigo, hajakosea hata moja. Na wale wa ng'ambo wakajifunga kamba zao viunoni wakaingia uwanjani kucheza, kwa maana hata wao walikuwa na masikio.

Mngependa niishie hapo. Hapana, bwana, deni lenu linaanza sasa.

Mpigaji mpya akishapiga, humvua Ngurumo kitambaa chake chekundu na kumpa mtu mmoja, yule aliyemfikisha pale. Aliyekipata hukaa kando ya ngoma kila mavuno, na ngoma haianzi mpaka aitikie kwa kichwa. Kiti hicho ni kimoja. Kitambaa hakikatwi, wala hakishikwi na watu wawili.

Dakta Lyatuu, aliyekuwa amealikwa, aliona macho yanamgeukia, akainua mikono. "Mimi mnitoe. Mimi nilikuwa kazini, na kuku wenu nimeshakula."

Wakabaki watatu.

Bi Mwanaidi hakungoja kuulizwa. "Nipewe mimi, sioni haya! Kijiji kizima mlikuwa na macho, mlimwona kila siku, na mlango wa mifupa unaelekea kufungwa. Nani aliona? Bila mimi huyo daktari angemjua wapi?" Watu wakasema, kweli.

Shangazi Nanzia alisema maneno machache, jambo la ajabu. "Mwenzangu alitoa macho aliyokuwa akiyatumia kila siku. Mimi nilitoa kitu nilichokuwa nimekizika. Dawa ilikaa imefungiwa huko mbali, ikafunguliwa na damu yangu. Mimi haikunisaidia kitu." Akatazama pembeni. "Na ile ngoma niliisubiri tangu nikiwa msichana." Watu wakainamisha vichwa, wakasema, kweli kabisa.

Msengi alikuwa amesimama nyuma karibu na sufuria, kwa sababu tangu Mrindi iwe Mrindi hakuna mtu wa kuja aliyewahi kukalia kiti kile. Aliulizwa aseme lake. Akakuna kidevu.

"Mimi nilikuwa namchoma sindano tu," akasema.

Hapo ndipo watu walipogawanyika. Hawa wanapiga kelele kwamba kuona ni kazi ya nukta moja, na sindano ni kazi ya miaka. Wale wanajibu kwamba sindano ingeweza kuchomwa na yeyote mwenye mikono, lakini damu ile ilikuwa kwa mtu mmoja tu duniani. Wengine wanauliza, damu ingeitwa na nani kama sketi isingegeuzwa? Mwanamke mmoja akamwuliza jirani yake ni jioni ngapi yeye amewahi kutimiza neno lake bila kuruka hata moja.

Mkunde amekikunja kitambaa mikononi. Bi Mwanaidi ametanguliza viganja. Shangazi Nanzia ametazama ngoma. Msengi ametazama chini. Msichana anapiga hatua ya kwanza, na uwanja mzima unamtazama ageukie wapi.

Mimi nimemsimamisha hapo, mguu mmoja mbele. Je, wewe ungeamua vipi? Kitambaa ungempa nani, na wale wawili ungewatazamaje usoni?